Kilima Ambacho Annet Alikisahau Makusudi

Watu wa Busia, wa upande wa Uganda na wa upande wa Kenya, hawakubaliani juu ya mambo mengi, lakini kuhusu mchezo wa Vusha walikubaliana kabisa: aliyeshinda ni mwizi, aliyeshindwa kaonewa, na wa kulaumiwa ni Annet Nasirumbi. Yeye ndiye aliyekuwa na daftari. Humo daftarini mliandikwa nguvu za kila kiumbe wa mchezo huo, mbio zake, mzigo wake na muda wake wa kuchoka. Mtu yeyote aliyechapwa kwenye simu yake saa nne asubuhi alikuwa na hakika kwamba Annet alishinda jana yake akifuta tarakimu kwa raba ili amkomoe yeye binafsi.

Annet alikuwa na miaka arobaini na mitatu na hakuwa na nafasi ya kumkomoa mtu binafsi. Polio ilimpitia akiwa mdogo, ikachukua miguu yote miwili, ikamwachia mikono na mdomo, na vyote hivyo alivitumia bila kubania. Kazi yake ilikuwa kuvusha bidhaa za watu mpakani kwa baiskeli ya magurudumu matatu, ile inayoendeshwa kwa mikono: unga, sabuni, mafuta ya kupikia, na magodoro siku za magodoro. Nyuma ya baiskeli kulikuwa na bomba la chuma lililochomelewa, na nyuma ya bomba kulikuwa na Eriku. Huyu Eriku alikuwa Mteso, mtu wa kabila la Iteso, kutoka Mella, mtu mzima wa mabega mapana na maneno machache, na kazi yake ilikuwa kusukuma. Tutamrudia. Watu wote walikuwa na tabia ya kumrudia Eriku baadaye.

Mchezo wenyewe ulitengenezwa na John Paul Wanjala, kijana wa upande wa Kenya aliyerudi kutoka chuoni na kompyuta moja, ndevu chache na maneno mengi. Vusha huchezwa na watu wawili kwa wakati mmoja, kila mtu na simu yake, na hakuna kungojana zamu. Kila mchezaji ana ghala upande wake wa mpaka, na anayetangulia kufikisha magunia mia ng'ambo ndiye mshindi. Unaajiri wabebaji, unaajiri boda, na papo hapo unapanga askari na mbwa wa kuwazuia watu wa mwenzako. Ukizubaa kukoroga chai, umekwisha.

Annet aliuona mara ya kwanza kwenye kibanda cha chai karibu na geti, alipochungulia simu ya John Paul. Humo mbebaji alikuwa anakimbia na magunia manane ya sukari kichwani, na mbwa wa forodha hakuwa amelala tangu aumbwe. Annet alicheka mpaka chai ikampalia.

"Wewe mtoto," alisema alipopata pumzi, "umewahi kubeba sukari, ama unaonaga tu kwa kikombe?"

"Si ni gemu tu, auntie."

"Gemu gani ya uongo hivi? Leta hapa."

Hivyo ndivyo alivyopata kazi ambayo hakuiomba, ya kuhakikisha kwamba hakuna kiumbe wa Vusha anayewazidi wenzake kupita kiasi. Aliifanya kama mtu anayefunga mizigo yake mwenyewe. Kwa miezi miwili aliuhoji mpaka mzima. Wabebaji aliwauliza wanachoka gunia la ngapi. Watu wa boda aliwauliza panchari huja baada ya safari ngapi, na walipomdanganya akawahesabia mwenyewe. Alifika mpaka kwa bwana mmoja anayefuga mbwa wa ulinzi, akakaa naye asubuhi nzima kuuliza mbwa huchoka saa ngapi, hupenda kulala wapi, na akishakula mchana hunusa kweli au hunusa ilimradi. John Paul akayaingiza yote. Mbwa wa Vusha akawa analala baada ya chakula, na hakuna mchezaji aliyewahi kumlalamikia.

Kisha ikafika zamu ya Kiti. Kiti kilikuwa ni baiskeli ya magurudumu matatu, yaani ni Annet, na hakuna aliyejifanya hajui. Uwezo wake maalumu uliitwa Huruma: Kiti kikikaribia geti, askari hushikwa na huruma, hugeuza uso na kukohoa kwa sekunde ishirini. Annet alilichagua jina hilo mwenyewe. Alisema amekuwa akipewa huruma ya bure tangu utotoni, nyingi kuliko anavyoweza kuitumia, angalau sasa ifanye kazi.

"Magunia manne," alimwambia John Paul. "Mbio, weka sawa na boda."

"Na uchovu?"

"Andika sufuri."

"Sufuri kabisa, auntie?"

"Umewahi kuniona nimechoka?"

John Paul alilelewa vizuri na mama yake. Akaandika sufuri. Ramani nayo ikachorwa tambarare kutoka ghalani mpaka getini, ilhali kila mkazi wa Busia anajua kwamba ukitoka mtaa wa Sofia kuna kilima. Si kilima cha kujivunia. Mtu wa Tororo, aliyezoea lile jiwe lao kubwa kama mlima, angekipita bila kujua amekipita. Lakini kwa baiskeli yenye magunia manne, kilima hicho hakipandiki kwa mikono miwili, hata iwe ya Annet. Annet alikisahau. Alikisahau makusudi, na pamoja nacho akamsahau yule anayekifanya kipandike.

Kilichofuata hakikuhitaji mganga kukitabiri. Baada ya mwezi mmoja hakuna mchezaji aliyeajiri mbebaji wala boda. Vita vya Vusha vikawa viti arobaini vya huku vikipishana na viti arobaini vya kule, na askari wote wakikohoa kama wodi nzima. Na katika vita hivyo hakuna aliyemweza Annet. Alicheza mara thelathini na moja akashinda thelathini na moja, na wanaume waliokuwa wakimwita "maskini yule mama" wakaanza kumwita majina mengine, ambayo yeye aliyapenda zaidi.

Hapa lazima tuseme kitu ambacho mwenyewe asingekisema. Alikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuijua. Shuleni alipelekwa mgongoni mwa dada yake. Kitandani aliinuliwa, baiskelini alipandishwa, kilimani alisukumwa. Kila alichowahi kufikia kilikuwa na alama za mikono ya mtu mwingine. Ndani ya Vusha alikuwa anakwenda peke yake, mbio, bila mtu kupumua nyuma ya kichwa chake. Kulikuwa na Kombe la Mpaka linakuja, na picha ya bingwa ingewekwa mwanzoni mwa mchezo, aione kila anayeufungua. Annet alilitaka kombe hilo kuliko alivyowahi kutaka kitu kingine chochote.

Lakini malalamiko yalizidi, na watu wa mpaka wakizidiwa na malalamiko huunda kamati. Iliitwa Kamati ya Usawa. Ilikutana kila Alhamisi katika duka la vifaa vya ujenzi la Mukhwana, upande wa Uganda, na Mukhwana akawa mwenyekiti kwa sababu soda zilikuwa zake. Yeye mwenyewe hakuwahi kumaliza mchezo hata mmoja, jambo lililomfanya aaminike na pande zote.

Kamati ilifanya kazi kama kamati zote za mpakani. Kenya ikitaka askari waongezewe mbio, Uganda ilisema sawa, ila na sisi tunataka mbwa wenye pua kali zaidi. Kenya ikasema sawa, ila basi boda zibebe magunia mawili ya ziada. Uganda ikasema sawa, ila wabebaji nao wasichoke upesi. Kila mtu alitoka na kitu, hakuna aliyepunguziwa chochote, na Mukhwana akafunga kikao kwa sala. Matokeo yake mchezo mzima ukawa unakwisha kwa sekunde arobaini. Jamaa mmoja alipiga chafya, alipofungua macho ameshashindwa. Oboth wa Tororo, aliyekuja kama mwangalizi bila kualikwa na mtu, alidai jiwe la Tororo liingizwe kwenye ramani. Akaambiwa liko mbali na geti, akanuna, akapewa mbuzi ili atulie. Mbuzi huyo yumo ndani ya Vusha mpaka leo. Hafanyi lolote.

Mambo yote hayo yalifutwa wiki mbili baadaye, tukarudi tulikokuwa, kwa viti arobaini na vikohozi. Zikiwa zimebaki wiki tatu kabla ya kombe, Loice akasimama. Loice alikuwa msusi wa upande wa Kenya, mchezaji wa pili kwa ubora mpakani kote, aliyekwisha pigwa na Annet mara tisa, na zote tisa alizikumbuka vizuri.

"Mimi sitaki kitu ya bure," alisema. "Lakini hicho Kiti hakichoki, hakisimami, hata panchari hakipati. Auntie Annet, na heshima zote, hiyo ni baiskeli ama ni ndege? Kisipopunguzwa, Kenya hatuchezi."

Mukhwana akageuza macho kwa Annet. "Dada Annet, wewe ndiyo iko na daftari. Leta namba ya kweli, vile iko kwa barabara."

"Namba ni ya kweli," Annet alijibu.

Hapo ndipo sauti ilipotoka mlangoni. Eriku alikuwa amekaa pale juu ya mfuko wa saruji na soda yake, kama alivyokaa kila Alhamisi, maana ndiye aliyemsukuma Annet kumleta.

"Mwenyekiti, mimi nauliza," alisema, na watu wakageuka kuona kama ni yeye kweli. "Hii gemu iko na mbebaji. Iko na boda. Iko na mbwa. Iko mpaka na mbuzi ya Oboth. Mimi niko wapi?"

Annet alikuwa na jibu, maana siku zote alikuwa nalo.

"Wewe unavusha nini, Eriku? Si unashikilia tu nyuma? Tukuweke wapi sasa, kwa breki?"

Kamati ilicheka, Uganda na Kenya pamoja, bila kudai fidia. Eriku naye alicheka kidogo, kisha akachungulia ndani ya chupa yake kama aliyedondosha kitu humo. Mukhwana akatoa wiki moja ya kuleta namba sahihi, akasali, wakatawanyika. Walipofika kilimani Eriku alisukuma kama kawaida. Annet, ambaye kwa kawaida huongea njia nzima, siku hiyo alimsikia Eriku anavyohema. Hakupenda.

Jumatatu asubuhi aliamua kuwanyamazisha wote kwa ushahidi. Baiskeli ilikuwa na magunia manne ya unga. Chini ya kilima alipiga breki.

"Leo usiguse," alimwambia Eriku.

"Nisiguse?"

"Simama kando hapo, ukunje mikono. Nataka kupima."

Eriku akakunja mikono. Annet akashika pedali, akaanza kuzungusha, na kweli baiskeli ikaenda. Ikaenda hatua kumi, ikaenda hatua ishirini. Wanawake wanaouza nyanya kando ya barabara waliacha kuuza. Mmoja akasema huyo ataua baiskeli, mwingine akasema hapana, baiskeli ndiyo itamuua.

"Nisukume?" Eriku aliuliza, akitembea sambamba naye, mikono imekunjwa kama alivyoagizwa.

"Nimekuita?"

Hatua tano zaidi. Jasho liliingia machoni na hakuwa na mkono wa kulifuta.

"Nisukume sasa?"

"Eriku, nyamaza!"

Katikati ya kilima mikono ilikataa. Haikutoa taarifa. Baiskeli ilisimama, ikafikiri, kisha ikaanza kurudi nyuma, na kwa mara ya kwanza katika historia yake ilifikia mbio sawa na za boda. Iliwakosa wenye nyanya kwa upana wa kiganja, ikaingia mtaroni na kila kilichokuwemo. Gunia moja lilipasuka. Annet alikaa ndani ya mtaro akiwa mweupe kuanzia kwenye kilemba mpaka kiunoni, na hakuumia popote panapoonekana.

Eriku alishuka mtaroni. Alimnyanyua kama anavyomnyanyua kila siku, akamkalisha ukingoni, akaitoa baiskeli, akatoa magunia matatu moja moja, na lile la nne akalikunja mdomo ili kuokoa kilichobaki. Kisha akasimama mahali pake, nyuma ya bomba, akingoja. Annet alimtazama. Alijipangusa unga machoni, akatoa daftari kwenye mfuko wake.

"Eriku, wewe unachokaga tripu ya ngapi?"

Eriku alidhani anataniwa tena. "Ya pili."

"Ya pili?" Kwa siku walikuwa wanafanya tripu sita. Walikuwa wamezifanya kwa miaka kumi na mmoja. "Na hizo nne ingine?"

"Hizo nasukuma tu."

"Kwa nini hukusema?"

"Hukuuliza, dada." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililokuwa baya. "Ulienda ukauliza mbwa."

Annet aliona aibu. Si aibu ya kuanguka mtaroni, hiyo angeigeuza kichekesho kabla ya saa sita. Alijua vizuri kuliko mtu yeyote wa Busia jinsi inavyokuwa watu wanapokuhesabu wakakuruka, na alikuwa amemfanyia mwenzake vilevile, kwa kalamu yake, kwa mwandiko mzuri. Akaandika pale pale, kwa mkono wenye unga, na ukurasa huo mpaka leo haufungiki vizuri.

Alhamisi alisoma namba mpya mbele ya kamati bila utangulizi. Kilima kiwekwe pande zote mbili. Kiti chenye mzigo hakipandi kilima bila Msukumaji. Msukumaji anachoka baada ya tripu ya pili, na akichoka mchezaji achague: ampumzishe kivulini sekunde kumi na tano, au abonyeze Endelea.

"Akibonyeza, Msukumaji anapata nini?" John Paul aliuliza. "Anaanguka? Anagoma?"

"Hapati kitu. Anapunguza mwendo kidogo, na anaendelea mpaka mwisho."

"Lakini auntie, basi kila mtu atabonyeza. Hakuna adhabu."

"Ndiyo," Annet alisema. "Ndivyo iko kwa barabara."

Kiti kimoja sasa kilikula nafasi ya watu wawili, wabebaji na boda wakapata kazi tena, na usawa uliotafutwa kwa soda mia moja ukapatikana. Mukhwana aliuliza kama Kenya ingependa kufidiwa kwa chochote. Loice akasema hapana. Kilikuwa kikao cha kwanza kumalizika huku kitu kimepunguzwa, na wajumbe waliondoka na wasiwasi.

Kombe lilichezwa Jumamosi mchana katika ukumbi uliojaa mpaka madirishani. Fainali ilikuwa kati ya Annet na Loice, na hakuna aliyeshangaa. Eriku alisimama nyuma ya baiskeli, mikono juu ya bomba, kwa sababu hakujua pa kusimama kwingine, na kutoka hapo aliiona simu ya Annet yote.

Annet alicheza vizuri kuliko alivyowahi kucheza. Alikuwa na magunia themanini na nane, Loice themanini na tano, wakati wasukumaji wake wote walipomaliza tripu ya pili. John Paul alikuwa amewachora wanainama wakichoka, mikono juu ya magoti. Alama ya Endelea ikawaka. Loice aliibonyeza ya kwake bila kupepesa, na hakuna aliyemlaumu, maana ndiyo hesabu. Annet alipeleka kidole. Juu ya kichwa chake alimsikia Eriku anavyohema, taratibu, kama mtu anayepumzika. Kidole kilibaki hewani.

Akawapeleka wote kivulini.

Sekunde kumi na tano ni nyingi sana ukizitazama, hata wabebaji na boda wako wakiwa bado wanavusha. Walipoinuka, Loice alikuwa amemaliza: mia kwa tisini na saba. Upande wa Kenya ulilipuka kwa vigelegele, na Loice, ambaye alikuwa amejisuka kwa ajili ya picha ile siku mbili kabla, alilia kwa furaha akaharibu wanja. Annet alimpa mkono. Ilimuuma. Ilimuuma kuliko polio, ambayo hata hivyo haikumbuki.

"Si ungebonyeza, dada?" Eriku alinong'ona nyuma yake. "Hao ni wa simu tu."

"Nimejua ni wa simu. Nitoe hapa, Oboth anakuja kunipa pole."

Jumatatu walivusha sabuni. Tripu ya kwanza, tripu ya pili. Walipofika chini ya kilima kwa mara ya tatu, Annet alipiga breki, akaielekeza baiskeli kwenye kivuli cha kibanda cha chai.

"Panchari?" Eriku aliuliza.

"Tripu ya pili imeisha."

Eriku alitazama kilima, akatazama mzigo, akamtazama Annet aliyekuwa akiagiza chai mbili kwa sauti ya ugomvi. Mikono yake ilikuwa bado juu ya bomba.

"Sekunde kumi na tano?"

"Mpaka chai iishe. Na ukae chini, Eriku, ukisimama haihesabiki."

Eriku aliachia bomba kwa mkono mmoja, kisha wa pili, akakaa.